Kifua Kikibana, Usingoje Kuche

Yapo maneno ambayo siku hizi huzungumzwa chini ya maturubai ya misiba mijini, kwa sauti ya chini na karibu kila mara kwa mpangilio uleule. Marehemu alikuwa mzima. Jana alionekana kazini. Usiku alilalamika kwamba kifua kinambana, akapewa maji ya tangawizi kwa kudhaniwa kuwa ana gesi, akashauriwa ajinyooshe kitandani na asubuhi apelekwe hospitali. Asubuhi haikumkuta. Kisha kila mwombolezaji hutoa sababu yake: huyu atasema presha ilipanda, yule atataja sumu, na wa tatu atanyamaza huku akimtazama jirani kwa jicho la pembeni.

Vifo vya ghafla vina sababu nyingi, na si kazi ya gazeti kuwapima marehemu. Hata hivyo iko sababu moja ambayo husahauliwa mno, nyumbani na hata hospitalini, ilhali tiba yake inajulikana vyema na sehemu ya tiba hiyo huuzwa kwa bei ya chini katika maduka ya dawa ya mitaani. Sababu hiyo ni mshtuko wa moyo, yaani kuzibika kwa ghafla kwa mshipa unaoulisha moyo wenyewe.

HESABU YA MOSHI

Ushahidi wa usahaulifu huo umepatikana hapa hapa nchini. Watafiti katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, waliwachunguza watu wazima 681 waliofika idara ya dharura wakiwa na maumivu ya kifua au wakipumua kwa shida. Walipimwa umeme wa moyo na damu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba watu 152, zaidi ya mmoja katika kila watano, walikuwa na mshtuko wa moyo. Kwa wastani wagonjwa hao walikuwa wameishi na dalili zao kwa zaidi ya siku sita kabla ya kufika. Katika idara hiyo ni 35 tu kati yao waliopewa aspirini, na hakuna hata mmoja aliyepewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Siku 30 zilipotimia, kati ya wagonjwa 150 waliofuatiliwa mpaka mwisho, 65 walikuwa wamefariki dunia.

Hospitali iliyokubali kujipima na kutangaza hesabu ya namna hiyo inastahili heshima. Wala hakuna sababu ya kuamini kwamba mahali ambapo hapajapimwa hali ni bora zaidi. Msomaji wa Dodoma, Singida au Manyoni asiisome hesabu hiyo kama habari za Kilimanjaro.

Mtu atauliza iweje ugonjwa mkubwa kiasi hicho upite mbele ya macho ya waganga. Jibu mojawapo limo katika historia. Waliofundisha udaktari Afrika Mashariki katikati ya karne iliyopita waliufahamu ugonjwa huu kama ugonjwa wa wageni. Mwaka 1956 Daktari H. C. Trowell, aliyefanya kazi miaka mingi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika pamoja na mwenzake Singh habari za Mwafrika mmoja mwenye maradhi ya mishipa ya moyo, na mgonjwa huyo mmoja alitosha kuwa habari ya kuchapishwa. Mwaka 1960 ukatolewa uchunguzi mwingine uliolinganisha maiti 632 zilizopasuliwa Uganda na nyingine 632, za umri na jinsia zinazolingana, kutoka mji wa St. Louis nchini Marekani. Kule St. Louis mioyo 136 ilikutwa na alama za mshtuko. Uganda ulikutwa mmoja.

Kwa wakati wake hesabu hiyo ilikuwa ya kweli. Tangu hapo mlo wetu umebadilika, kazi zetu zimebadilika na umri wetu umerefuka, lakini mazoea ya kufikiri yamebaki nyuma. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu watu wazima wa miaka 25 hadi 64 ulikuta kwamba watu wapatao 26 katika kila 100 walikuwa na shinikizo kubwa la damu, na wapatao 9 walikuwa na sukari iliyozidi. Hayo mawili, pamoja na sigara, lehemu na unene wa tumbo, ndiyo yanayoandaa mshtuko kwa miaka mingi bila kumtia mtu maumivu yoyote.

Dodoma ni kielelezo kizuri cha mabadiliko hayo. Mji ulioamuliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973 ulibaki kwa muda mrefu kuwa mji wa reli, ng'ombe na zabibu. Tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia kwa dhati, wamekuja watumishi, wafanyabiashara na mafundi kwa maelfu. Mtu aliyekulia Mvumi kwa ugali wa uwele na mlenda, akitembea nyuma ya mifugo kutwa nzima, leo hukaa kitini Mtumba kuanzia asubuhi, hushushwa na bodaboda mlangoni pake, na jioni hupitia chipsi mayai kwa sababu mama watoto naye amechelewa kazini. Hatumlaumu. Maisha ya mshahara ndivyo yalivyo. Ila moyo wake haujui kwamba amepandishwa cheo.

DAMU IKIKWAMA

Moyo husukuma damu kwenda mwili mzima, lakini wenyewe haunywi katika damu inayopita ndani yake. Hulishwa na mishipa yake maalumu, midogo kuliko kalamu ya wino, ambayo huuzunguka kwa nje kama mizizi iliyoshika jiwe. Ndani ya mishipa hiyo mafuta hujijenga polepole kwenye kuta, yakawa kama ukoko chini ya sufuria. Ukoko huo ukiwa mnene hupunguza njia, na mwenye nao huanza kubanwa kifua anapopanda ngazi au kukimbilia daladala, akitulia maumivu huondoka.

Hatari yenyewe hutokea pale ukoko unapopasuka. Mwili hudhani pana jeraha, ukatuma chembe za kugandisha damu zije kuziba, kama unavyoziba kidole kilichokatwa na kisu. Donge la damu huumbika ndani ya mshipa. Likiziba njia nusunusu, sehemu ya msuli wa moyo hukosa hewa safi na mgonjwa huumwa hata akiwa amekaa. Wengine huishia hapo bila msuli kufa, na wengine msuli huanza kufa kidogokidogo. Likiziba njia yote, msuli ulio mbele ya donge hufa kuanzia dakika chache zinazofuata, na kila saa ipitayo hupanua eneo lililokufa. Msuli wa moyo ukishakufa hauoti tena. Pahali pake hubaki kovu, na kovu halisukumi damu.

Kwa hiyo madaktari huziweka hali hizi tatu katika ukoo mmoja. Zina chanzo kimoja na huanza kwa malalamiko yaleyale, lakini hazitibiwi sawasawa, na bila vipimo hakuna awezaye kuzitenganisha kwa kumtazama mgonjwa usoni.

Maumivu yenyewe mara nyingi si ya kuchoma kama sindano. Wagonjwa wengi husema ni uzito, kana kwamba gunia la mahindi limewekwa juu ya kifua, au mkanda unaokazwa. Hukaa katikati ya kifua au kwenye chembe ya moyo, ndiyo maana husingiziwa vidonda vya tumbo. Huweza kupanda shingoni na kwenye taya, kushuka mkono wa kushoto au yote miwili, au kutokea mgongoni baina ya mabega. Hufuatana na jasho jembamba, kichefuchefu, pumzi fupi na hofu isiyo na sababu. Wengine, hasa wazee, wenye kisukari na baadhi ya akina mama, huenda wasiumwe kifua kabisa. Wao huchoka ghafla, hukosa pumzi, hutapika au huzirai. Mama mtu mzima mwenye kisukari anayetokwa na jasho la baridi na kuhema bila kazi yoyote asiambiwe kwamba amechoka na jua la Dodoma.

Kichomi, yaani maumivu makali ya ubavuni yanayozidi mtu akivuta pumzi, kwa kawaida ni habari ya mapafu. Hicho nacho kinahitaji mganga. Lakini kifua kilichobana kwa zaidi ya dakika 15 au 20 mtu akiwa amepumzika, au kinachobana na kuachia mara kwa mara kwa nguvu inayozidi, kihesabiwe kuwa ni cha moyo mpaka kipimo kikatae.

Hapa iko mitego miwili ambayo familia nyingi huingia. Mtego wa kwanza ni dawa ya kiungulia. Mgonjwa akinywa na kusikia nafuu, nyumba nzima hushusha pumzi, ilhali nafuu hiyo si ushahidi wa lolote, kwa kuwa maumivu ya moyo nayo hupungua na kurudi. Mtego wa pili ni dawa za maumivu. Diklofenaki, ambayo imezoeleka mitaani mithili ya peremende, ina madhara kwa moyo ulio katika hali hiyo. Panadol haidhuru sana, lakini haizibui chochote.

SAA YA NYUMBANI

Ndugu msomaji, saa nyingi hupotea hapa, kati ya sebule na barabara. Mzee huona haya kuwaamsha watoto. Mke huogopa kumwamuru mume. Jirani mwenye gari hatakikani kusumbuliwa usiku. Wengine husubiri mshahara, au hutafuta kwanza kadi ya bima iliyopotea kabatini. Katika familia zetu uamuzi wa kwenda hospitali hupita kwa wakubwa, nao aghalabu hawapo nyumbani. Simu hupigwa Kongwa, kisha Dar es Salaam, ndipo jibu lirudi. Utaratibu huo ni mzuri kwa posa. Kwa mshtuko wa moyo, aliye karibu ndiye mkubwa.

Mgonjwa akalishwe au alazwe akiwa ameinuliwa mgongo, asitembezwe, na wala asiendeshe gari mwenyewe. Bodaboda si chombo cha mtu anayeweza kuzirai njiani. Teksi, bajaji au gari la jirani ni bora. Kama aspirini ipo ndani, na mgonjwa hana mzio nayo, hatapiki damu, hapati choo cheusi kama lami na hana dalili za kiharusi kama vile mdomo kwenda upande au mkono kulegea, apewe kidonge kimoja cha miligramu 300, au vinne vya zile ndogo za miligramu 75, akitafune badala ya kukimeza kizima. Kikitafunwa huingia katika damu upesi zaidi. Kama aspirini haipo, safari isingoje duka lifunguliwe.

Akianguka, asiitike na asipumue kama kawaida, moyo umesimama au unatetemeka bila kusukuma. Hapo maji ya kichwani hayasaidii. Alazwe chali sakafuni, mtu apige magoti ubavuni pake, aweke kiganja kimoja juu ya kingine katikati ya kifua, abonyeze kwa nguvu kiasi cha sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, akiacha kifua kiinuke kila mara. Akichoka apokewe na mwingine. Kazi hii ni nzito na inatisha, lakini ndiyo inayobakiza damu kidogo ubongoni mpaka msaada upatikane. Vijana wa skauti na Msalaba Mwekundu hufundishwa jambo hili. Hakuna sababu kwa nini walinzi wa ofisi na makondakta wasilijue.

KARATASI YENYE MIRABA

Akifika hospitali, kipimo cha kwanza ni cha umeme wa moyo, na shabaha iliyowekwa na wataalamu duniani ni kifanyike ndani ya dakika kumi tangu mgonjwa aingie mlangoni. Kipimo hakiumi wala hakitoi damu. Hubandikwa vibandiko sita kifuani na vinne kwenye mikono na miguu, mashine ikachora mistari kwenye karatasi yenye miraba midogo. Mashine ya namna hiyo si kubwa kuliko mkoba wa karani. Kazi ya msingi wake ilifanywa na Mholanzi Willem Einthoven mwanzoni mwa karne ya ishirini, naye akatunukiwa Nishani ya Nobel ya mwaka 1924. Kwa maneno mengine, si chombo kigeni cha jana. Ni chombo cha umri wa babu zetu, na inasikitisha kikikaa kabatini kwa kuwa karatasi zimekwisha na hakuna aliyeziagiza.

Mshipa ukiwa umezibika wote, mara nyingi sehemu fulani ya mstari huinuka juu ya kimo chake. Mganga aliyezoea huitambua kwa mtazamo mmoja, na asiye na uzoefu anaweza kuipiga picha na kumtumia bingwa kwa simu. Jambo ambalo wagonjwa wengi hawalijui, na ambalo tungependa kulitilia mkazo, ni kwamba karatasi moja iliyo safi haimwachilii mtu huru. Mshtuko huweza kuwa unaanza. Maumivu yakiendelea, kipimo hurudiwa baada ya dakika 15 hadi 30, tena na tena. Anayeambiwa "moyo wako mzima, nenda nyumbani" kwa karatasi moja tu huku kifua bado kinabana ana haki ya kuuliza kwa adabu kama kipimo kitarudiwa.

Kipimo cha pili ni cha damu. Msuli wa moyo ukifa huachia katika damu kitu kiitwacho troponini. Huchukua muda kuonekana, kwa hiyo damu hupimwa zaidi ya mara moja, kwa kuachana saa moja mpaka sita kutegemea aina ya kipimo. Kiwango kikipanda kati ya kipimo na kipimo, msuli unaumia sasa hivi. Kikiwa juu lakini kimetulia, daktari hufikiria pia mambo mengine kama maradhi sugu ya figo. Ni lazima aidha ahakikishe kwamba hashughuliki na mshipa mkuu uliochanika au donge lililokwama mapafuni, kwa sababu magonjwa hayo nayo hubana kifua, na dawa ya huyu ni sumu ya yule.

Ikiwa mstari umeinuka, troponini haingojwi. Tiba huanza palepale.

KILOMITA 160

Tiba ni kuufungua mshipa, nao hufunguliwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kupitisha mrija mwembamba katika mshipa wa mkononi au pajani hadi kwenye moyo, kupuliza kibofu kidogo mahali palipoziba, na kuacha hapo kijibomba cha waya kiitwacho stenti ili pasijifunge tena. Njia ya pili ni kuchoma sindano ya dawa inayoyeyusha donge lenyewe.

Njia ya kwanza ndiyo bora ikipatikana kwa wakati. Zamani Mtanzania aliyeihitaji alipelekwa India. Upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaundwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mwaka huohuo 2015 Hospitali ya Benjamin Mkapa ilifungua milango katika eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma, nayo sasa ina mtambo wa kuchunguza na kuzibua mishipa ya moyo. Kwa mkazi wa Area C, Nkuhungu au Kisasa, jambo hilo ni badiliko kubwa mno. Treni ya umeme iliyozinduliwa rasmi mwaka 2024 imefupisha sana safari ya Dar es Salaam, lakini treni si gari la wagonjwa, na msuli wa moyo haungoji ratiba ya kituo.

Sasa tumchukulie mwalimu mstaafu wa Kondoa. Kutoka kwake mpaka Dodoma ni kilomita zipatazo 160. Barabara ya lami ipo, lakini kwa kutafuta gari, mafuta na barua ya rufaa, saa tatu si nyingi. Mwongozo wa wataalamu unasema hivi: iwapo mgonjwa ambaye mstari wake umeinuka hawezi kuzibuliwa kwa mrija ndani ya dakika 120 tangu kipimo kisomwe, apewe kwanza dawa ya kuyeyusha donge, hapo hapo alipo, ndipo asafirishwe. Dawa hiyo hufaa ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze, na nguvu yake kubwa iko katika saa mbili tatu za mwanzo. Kwa mtu wa Kondoa, Mpwapwa au Manyoni, kusafirishwa bila dawa ni kulichukua donge lake na kulitembeza barabarani.

Dawa za aina hiyo ziko kadhaa. Streptokinezi ni ya zamani na nafuu zaidi. Hutiririshwa mshipani kwa dakika 30 hadi 60, na aliyewahi kuipata hapewi tena kwa kuwa mwili huwa umejenga uadui nayo. Tenekteplezi huchomwa kwa mkupuo mmoja lakini ni ghali. Zote zina hatari ya kusababisha damu kuvuja ubongoni, kwa mgonjwa mmoja hivi katika kila mia au pungufu, na kwa hiyo hapewi mtu aliyewahi kuvuja damu kichwani, aliyepata kiharusi karibuni, wala aliyetoka kupasuliwa. Wala hapewi yule ambaye donge lake limeziba nusunusu; kwake hatari huzidi faida. Huyo hutibiwa kwa aspirini, dawa nyingine ya kuzuia chembe za damu zisishikane, na heparini, kisha hupelekwa kuchunguzwa mishipa kwa haraka inayolingana na hatari aliyonayo.

Thamani ya dawa hizi haikukisiwa. Mwaka 1988 ulichapishwa uchunguzi mkubwa uliofanyika katika hospitali 417 kwa wagonjwa 17,187 waliodhaniwa kuwa na mshtuko wa moyo. Miongoni mwa waliokosa aspirini na streptokinezi zote mbili, watu 13 katika kila 100 walikufa kwa maradhi ya moyo na mishipa ndani ya wiki tano. Miongoni mwa waliopata zote mbili, walikufa 8. Aspirini peke yake ilipunguza vifo kwa karibu robo, na ilikuwa aspirini ileile ya dukani. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, halmashauri inayojadili bajeti ya afya ingeanza na vitu hivi vitatu, yaani mashine ya umeme wa moyo inayofanya kazi, karatasi zake, na vidonge vya aspirini kwenye sinia la chumba cha dharura, kabla ya kuzungumzia mitambo mikubwa. Mgonjwa hawezi kuufikia mtambo wa Dodoma ikiwa Kondoa hakuna aliyemtambua.

Kuhusu oksijeni, wengi huona kwamba mgonjwa asiyevalishwa barakoa ametelekezwa. Siyo. Hewa hiyo hupewa ambaye kipimo cha kidoleni kinaonyesha chini ya 90 kwa mia. Kuna pia dawa ya kuweka chini ya ulimi ili kulegeza mishipa, na juu ya hiyo tuseme jambo ambalo wanaume hulificha: aliyekunywa dawa za kuongeza nguvu za kiume katika siku moja au mbili zilizopita na amwambie daktari, hata kwa kumnong'oneza, mkewe akiwa ametoka kidogo. Dawa hizo mbili zikikutana, presha huweza kuanguka kiasi cha kuua.

BAADA YA WODI

Anayetoka salama hutoka na vidonge vingi, na hapo huanza majaribu ya aina nyingine. Aspirini kwa kawaida ni ya maisha. Dawa ya pili ya kuzuia damu isigande huendelea mara nyingi hadi mwaka mmoja, na kwa aliyewekewa stenti kuiacha mapema bila ruhusa ni kualika kijibomba kizibe kwa ghafla. Huongezwa dawa ya kushusha lehemu, na mara nyingi dawa za kupunguza mzigo wa moyo na kurekebisha presha. Baada ya miezi miwili mgonjwa hujisikia mzima, jirani humwambia kwamba vidonge vingi huharibu figo, na bei nayo humkumbusha ada ya shule. Anayeshindwa gharama arudi kliniki aseme wazi, kwani daktari anaweza kumpangia za bei nafuu na kumwonyesha ipi isiyoachwa kwa hali yoyote.

Sigara ikomeshwe siku ileile. Chumvi ipungue, na mafuta ya kukaangia chipsi yasirudiwe kila jioni. Ugali wa uwele na mlenda, ambao vijana wa mjini wameanza kuuonea haya, unarudi mezani kwa heshima. Kutembea huanza kwa hatua chache uani na kuongezwa wiki hadi wiki kwa maelekezo ya kliniki. Kazi ya ofisini wengi huirudia baada ya wiki chache, ya kubeba magunia au kuendesha lori huchukua muda mrefu zaidi na huhitaji kibali. Kwa wale wasiowahi kupata mshtuko, wasianze kumeza aspirini kila siku kwa kusoma makala haya. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa huo, kutokwa damu tumboni kunaweza kumgharimu kuliko faida anayoitarajia. Kwao kazi ni kupima presha na sukari, na kuzitibu zikikutwa.

Jambo moja la mwisho ambalo halina gharama. Kabla ya kuondoka wodini, mgonjwa aombe nakala ya karatasi yake ya umeme wa moyo. Mistari ya mashine nyingi hufifia kwa joto na mwanga, kwa hiyo itolewe fotokopi au ipigwe picha kwa simu, na nakala iwekwe pamoja na kadi ya kliniki mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anapajua. Kifua kikibana tena, iwe Dodoma au safarini Singida, daktari atakayempokea ataiweka karatasi ya zamani kando ya mpya, na tofauti baina ya hizo mbili itamwambia upesi kama donge hili ni la leo.